Malezi Yetu na Nafasi ya Mwana na Binti

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetuumba wanaume na wanawake kutokana na nafsi moja, akatia baina yetu mapenzi na huruma. Tunamshukuru kwa neema zake tunazozijua na tusizozijua. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, pamoja na Aali zake na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunaiusia nafsi yetu kwanza, kisha tunakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu Waislamu mliohudhuria, na nyinyi ndugu wasikilizaji mlio majumbani, na akina mama mlio jikoni na redio iko dirishani: leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo linalotendeka katika kila nyumba tangu alfajiri mpaka usiku, wala halizungumzwi, kwa kuwa limezoeleka mno. Nalo ni namna tunavyowafanya watoto wetu wawe wanaume na wawe wanawake. Tumesema "tunavyowafanya", na neno hilo tumelikusudia. Kuzaliwa mtoto wa kiume au wa kike ni majaliwa ya Mwenyezi Mungu. Katika Sura ya Ash-Shura anatueleza kwamba humtunuku amtakaye watoto wa kike na humtunuku amtakaye watoto wa kiume, na wafasiri wamepata kutanabahisha kwamba wa kike ndio waliotangulizwa kutajwa. Hapo mwanadamu hana mkono wake. Lakini kwamba mtoto huyu wa kike ndiye atakayeamka kuosha vyombo na kaka yake amelala, na kwamba huyu wa kiume akilia atakemewa na dada yake akilia atabembelezwa, hayo hayakuteremka pamoja na mtoto. Hayo tumeyatia sisi.

Abu Huraira, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, amepokea kwa Mtume (S.A.W.) kwamba kila mtoto huzaliwa katika maumbile safi, kisha wazazi wake ndio wamfanyao Myahudi, au Mkristo, au Mmajusi. Maulamaa wakiisoma hadithi hii huizungumza kwa upande wa itikadi, na huko ndiko ilikoelekea. Lakini tazameni nguvu iliyotajwa humo. Ikiwa wazazi wanaweza kumgeuza mtoto katika jambo lililo kubwa kuliko yote, la kumjua Mola wake, watashindwa kumgeuza katika jambo gani? Watashindwa kumfundisha kwamba jiko ni la huyu na baraza ni ya yule?

Ibn Khaldun, mwanachuoni aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, ameandika katika Muqaddima yake, na maana ya maneno yake ni kwamba mtu ni zao la mazoea yake kuliko kuwa zao la asili aliyoumbwa nayo. Akilizoea jambo muda mrefu hulichukua kuwa ndilo umbile lake. Yeye alikuwa akizungumzia watu wa mijini na watu wa majangwani, ushujaa wa hawa na ulegevu wa wale. Sisi tunalichukua neno hilo tuliingize ndani ya nyumba.

Na ushahidi wa ndani ya nyumba tunao, umetoka kwa mtu ambaye hapana awezaye kumdhania ulegevu mbele ya wanawake. Katika Sahihi ya Imam Bukhari na ya Imam Muslim imo hadithi ndefu ya Abdullah bin Abbas, aliyekuwa katika safari ya Hija pamoja na Sayyidna Umar bin al-Khattab. Sayyidna Umar akamsimulia mambo yaliyompata nyumbani kwake. Alisema kwamba wao Makureshi walipokuwa Makka walikuwa na nguvu juu ya wake zao. Walipohamia Madina wakawakuta Ansari, nao Ansari walikuwa watu ambao wake zao ndio wenye nguvu. Basi wanawake wa Kikureshi wakaanza kujifunza mwenendo wa wanawake wa Kiansari. Siku moja Sayyidna Umar akampazia mkewe sauti, mkewe akamrudishia maneno. Hakulipenda jambo hilo. Mkewe akamwuliza kwa nini achukizwe kujibiwa, ilhali wake za Mtume nao humjibu Mtume, na yupo miongoni mwao anayemnunia kutwa mpaka usiku. Sayyidna Umar akafazaika, akavaa nguo zake, akaenda kwa binti yake, Bibi Hafsa, mke wa Mtume, kumwuliza kama ni kweli. Bibi Hafsa akakiri kwamba ni kweli. Baadaye, alipoingia kwa Mtume (S.A.W.), Sayyidna Umar akamsimulia habari ile ile ya Makureshi na Ansari na wake zao. Mtume akatabasamu.

Ndugu zangu, hapa tunaomba msikilize kwa utulivu. Baina ya Makka na Madina ni mwendo wa kilomita 450 hivi. Watu wa miji hiyo miwili walikuwa Waarabu wote, lugha yao moja, chakula chao karibu kimoja. Wale walikuwa wafanyabiashara wa misafara na hawa wakulima wa mitende. Mwanamke wa Makka alinyamaza mbele ya mumewe, na mwanamke wa Madina alisema. Lau kunyamaza kule kungekuwa ni umbile alilotiwa mwanamke na Mola wake, basi kungekuwako Madina pia, na lau kungekuwa ni hukumu ya dini, Mtume (S.A.W.) angaliwaamrisha wale waliohama warudie ada ya kwao. Hakuamrisha. Wala wanawake wa Kikureshi hawakuchukua karne nzima kubadilika. Miaka michache ya ujirani ilitosha.

Na katika ujirani huo huo yako mengine. Bibi Asma binti Abubakari, dada yake Bibi Aisha, aliolewa na Zubeir bin al-Awwam wakati Zubeir hana mali ila farasi na ngamia wa kutekea maji. Amesimulia mwenyewe kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimlisha farasi, akiteka maji, akishona kiriba na kukanda unga. Na kuoka mkate alikuwa hajui vizuri, basi majirani zake wa Kiansari walikuwa wakimwokea, nao walikuwa wanawake wa kweli. Alikuwa akibeba kokwa za tende kichwani kutoka katika shamba la mumewe, mwendo wa thuluthi mbili za farsakhi. Baba yake alipompelekea mtumishi wa kumwangalia farasi, alisema ni kama amemwacha huru. Huyu ni binti wa Abubakari Siddiki! Hajui kuoka mkate, na farasi anamjua. Sasa yule anayetwambia kwamba mkono wa mwanamke umeumbwa kwa chungu na mkono wa mwanamume kwa mnyama, atamweka wapi Bibi Asma?

Tumsogelee sasa Mtume mwenyewe. Al-Aswad alimwuliza Bibi Aisha Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Akamjibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa Sala ulipofika akatoka kwenda kusali. Katika mapokezi mengine imetajwa kwamba akishona nguo yake, akitengeneza kiatu chake na kumkama mbuzi wake. Tunawajua watu wanaofuga ndevu kwa kufuata sunna, na wanavaa kanzu fupi kwa kufuata sunna, na mswaki haubanduki mfukoni, tunawapongeza. Lakini sunna hii ya kushona kiatu na kumkama mbuzi hatumwoni mtu anayeigombania.

Na ajabu ni kwamba sisi watu wa mwambao, wengi wetu tunajinasibisha na madhehebu ya Imam Shafi, na hatujui yaliyoandikwa ndani ya vitabu vya madhehebu yetu. Sheikh Abu Ishaq al-Shirazi, aliyefariki mwaka 1083, amesema waziwazi katika al-Muhadhdhab kwamba mke hawajibiki kumfanyia mumewe kazi ya kusaga, kupika, kuoka na kufua. Wako wanavyuoni wengine, wakiwamo Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim, walioona kwamba ni juu yake kwa kadiri ya ada ya watu wa mahali pake. Sisi hatukupanda mimbari hii kuamua baina ya maimamu, wala hatutaki mama yeyote aende akazime moto mumewe ana njaa. Tunalotaka lifahamike ni kwamba wale waliosema si wajibu wamesema hivyo, na wale waliosema ni wajibu wameujenga wajibu huo juu ya ada. Na Imamu al-Qarafi wa Misri, aliyefariki mwaka 1285, ameeleza kwamba hukumu iliyosimama juu ya ada hugeuka ada inapogeuka. Basi anayepikiwa kila siku ajue kwamba katika madhehebu yake mwenyewe anatendewa ihsani, na ihsani huambiwa ahsante.

Tuitazame na ada yetu wenyewe, kama kweli imesimama mahali pamoja. Nendeni katika harusi yoyote, Mombasa, Tanga au Unguja. Anayesimama mbele ya sufuria kubwa la pilau, mwiko mkononi, jasho linamtiririka, ni nani? Aghalabu ni mwanamume, na akisifiwa hufurahi. Mtu huyo huyo akirudi nyumbani kwake haonekani hata kuinua kifuniko cha chungu, kwani atasemwa ametawaliwa. Binti anafundishwa sindano na uzi kuwa ndio pambo la mwanamke, lakini fundi wa cherehani barazani, anayemshonea huyo binti nguo ya Idi, ni mwanamume. Auzaye kahawa ni mwanamume, na achomaye mishkaki pia. Mkizichunguza kazi hizi mtaona mpaka wake. Kazi ikiwa na malipo mwanamume anaiweza, na ikiwa haina malipo tunasema Mwenyezi Mungu amemuumbia mwanamke.

Na malipo yakihamia upande wa pili, ada nayo huhama. Kule Paje na Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja, kilimo cha mwani kilipoanza mwaka 1989, waliokishika zaidi ni wanawake. Kabla ya hapo wanawake wa pwani ile walikuwa wakifukia makumbi na kusokota kamba, wakiokota na chaza maji yakitoka. Wakaanza kupata fedha mikononi mwao wenyewe, wakasomesha watoto, wakaezeka nyumba mabati. Wako waume walionung'unika mwanzoni. Leo kijana wa huko amekua akimwona mama yake anakwenda shambani baharini, naye hulichukua kuwa ndivyo ulimwengu ulivyo tangu na tangu.

Mwezi wa Ramadhani pia hutuonyesha. Baada ya Sala ya alasiri binti yuko jikoni, amefunga, anakuna nazi kwenye mbuzi, anakanda unga, anapepea moto, koo limemkauka. Kaka yake amefunga pia, yuko barazani anahesabu dakika. Adhana ikilia wote wawili watafuturu, na binti ndiye atakayeondoa vyombo, kisha ataulizwa kwa nini amechelewa tarawehe.

Enyi ndugu, hatusemi kwamba yote ni ada. Siku hizi wako wanaosema hivyo, kwamba baina ya mwanamume na mwanamke hapana tofauti ila ile tuliyoibuni, na kwa hivyo kila lililowekwa lifutwe. Hao wamepita mpaka kwa upande mwingine. Mwenyezi Mungu ameweka mimba na kunyonyesha kwa mmoja, akaweka nafaka ya nyumba juu ya mwingine. Ameweka mahari, eda na mafungu ya mirathi, na hayo yamo katika Kitabu chake, hayangoji maoni yetu. Lakini aliyeweka nafaka juu ya mwanamume hakuweka kwamba mwanamume asijue kujiwashia jiko. Kulipachika neno letu ndani ya maneno ya Mwenyezi Mungu, tukasema hii nayo ni dini, ni jambo zito kuliko wengi wanavyodhani.

Tuje sasa katika malezi yenyewe, na hapa ndipo moyo wetu ulipo leo.

Binti wa mwambao wetu alikuwa akilelewa, na mpaka leo mahali pengi analelewa. Anapobaleghe ana somo wake, ana kungwi wa kumfunda. Anaambiwa asemeje, akaeje, amtunze vipi mtu mzima, amfiche vipi siri yake mume. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa usia, na watu wanausoma mpaka sasa. Wazee wengine baada yake waliogopa kumfundisha binti kuandika, wasije wakaandika barua kwa wanaume. Wamesahau kwamba usia huo wanaousifu uliandikwa na mwanamke aliyefunzwa. Yamo katika mafundo ya makungwi yanayohitaji kupimwa kwa sharia, hilo ni la hotuba nyingine. Lakini mtu alikaa na binti, akamfunda.

Mwana je? Nani amemtungia usia? Nani amekaa naye akamwambia mke hutunzwa namna hii, mtoto mchanga hupakatwa namna hii, mwanamke mwenye mimba huchoka hivi? Zamani jando lilikuwako. Wavulana walikaa kumbini siku nyingi kidonda kikipona, na wazee wakawafundisha adabu. Siku hizi wengi hutahiriwa hospitali wangali wadogo, jambo jema kwa afya yao. Lakini mafundisho yaliyokuwa yakifuatana na kumbi hayakuhamishiwa mahali pengine popote. Mwana anapewa chakula, anapewa ada ya shule, anapewa ruhusa ya kutoka usiku. Binti tunamlea, na mwana tunamfuga. Kisha akioa tunashangaa kwamba hajui kukaa na mtu.

Jambo la kwanza tunalomfundisha, tena tungali tumempakata, ni ugumu. "Nyamaza, mwanamume halii." Mtume (S.A.W.) alipompakata mwanawe Ibrahim, naye anakata roho, macho yake yalitiririka machozi. Abdurrahman bin Auf akastaajabu kwamba hata yeye Mtume analia. Mtume akamweleza kwamba hiyo ni rehema. Na siku alipombusu mjukuu wake Hasan, alikuwako al-Aqra bin Habis, bwana mkubwa wa Banu Tamim, akajisifu kwamba ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume akamtazama, akamwambia kwamba asiyehurumia hahurumiwi. Al-Aqra hakuzaliwa hivyo. Alifundishwa na kabila lake kwamba uso mkavu ndio uanaume, akalipokea, akalisema hadharani kama sifa. Wangapi katika safu hizi hawajapata kumbusu mtoto wao tangu alipoota meno?

Tumesema hapana mwenye dhambi ndogo katika jambo hili, na haya yafuatayo yatakuonyesheni sababu. Alitujia mtu mmoja, Mwislamu mwema, hakosi jamaa. Mkewe alipatwa na kiharusi, upande mmoja ukafa. Wana watoto wanne: wavulana wawili wakubwa, kisha binti wa miaka 11, kisha kitinda mimba. Akaja kutuomba dua. Katika mazungumzo tukafahamu kwamba binti amekwisha tolewa shule na chuoni, yeye ndiye anayepika, anayefua, anayemgeuza mama yake kitandani. Tukauliza wavulana wanafanya nini. Akajibu kwamba wanaendelea na masomo, na jioni wanacheza mpira. Tukamwuliza kwa nini kazi isigawanywe kwa watatu. Hakukasirika. Alitutazama kwa mshangao wa kweli, akasema: "Sheikh, wale ni wanaume, watapikaje?"

Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa akimpenda yule binti, tena alitokwa na machozi alipomtaja. Lakini jambo lile halijapata kupita katika fikira zake, kama vile haijapata kupita kwamba kuku atanyonyesha. Yeye mwenyewe, mtu wa miaka hamsini, hakuwa akijua chumvi inawekwa wapi ndani ya nyumba yake. Tulimsomea ile habari ya Mtume katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, akasikiliza, akasema alikuwa akiijua. Ikabidi shangazi wa watoto aje akae mwezi mmoja awafundishe wale wavulana kuwasha moto, kupika ugali na kufua shuka. Mkubwa alijifunza upesi, hata akawa anaona fahari. Wa pili alikuwa akifunga mlango wa jiko wenzake wasimwone. Binti alirudi darasani baada ya muhula mzima kupita, na wenzake walikuwa wamekwisha mtangulia.

Na Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha na mzani wa namna hii. Nuuman bin Bashir alipokuwa mdogo, baba yake alimpa tunu, akaenda kwa Mtume ili amshuhudishe. Mtume akamwuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wa hiyo. Akasema hapana. Mtume akakataa kushuhudia, akamwamrisha amche Mwenyezi Mungu na awafanyie watoto wake uadilifu. Hadithi hii huletwa katika mlango wa hiba: shamba, mtumwa, mnyama. Sisi tunauliza, je, wakati si tunu? Saa mbili kila jioni za kudurusu, anazopewa mmoja na kunyimwa mwingine, kwa miaka kumi, ni shamba kubwa kiasi gani? Na akina mama, tunakunasihini nyinyi hasa, kwa kuwa mzani huo aghalabu umo mikononi mwenu. Mama ndiye anayepakua. Paja la kuku na firigisi zinakwenda kwa nani? Mama aliyeumia kwa ada hii ujanani mwake ndiye mara nyingi anayeirithisha kwa binti yake, akimwambia nami nilikuzwa hivyo.

Katika Sura ya An-Nahl Mwenyezi Mungu anaieleza hali ya mtu wa zama za ujahili aliyeletewa habari ya kuzaliwa binti, jinsi uso wake unavyosawijika na anavyojificha na watu, akiwaza amweke kwa unyonge au amfukie mchangani. Kufukia kumekwisha, alhamdulillahi. Kusawijika uso hakujesha. Wakunga wanajua, na simu hueleza, pale baba anapoulizia mtoto gani, akajibiwa, kisha akanyamaza. Naye mke wa Imrani aliweka nadhiri ya kilicho tumboni mwake kitumikie nyumba ya ibada, akajifungua binti, akaona nadhiri imeharibika. Mwenyezi Mungu akampokea binti huyo kwa mapokezi mema, akamkuza makuzi mema, akamweka katika ulezi wa Nabii Zakaria. Huyo ndiye Bibi Maryamu.

Na nyinyi wanafunzi, mkiifungua Sahihi ya Bukhari, jueni kwamba miongoni mwa walioipokea na kuisomesha ni Karima wa Marw, aliyekaa Makka, ambaye wanavyuoni walikuwa wakimwendea kusahihisha nakala zao kwake. Al-Khatib al-Baghdadi alipokwenda Hija alimsomea kitabu hicho. Hiyo ndiyo Sahihi yenye habari ya Sayyidna Umar na wanawake wa Madina. Binti anayetolewa chuoni akiwa juzuu ya kumi ili akakune nazi, hatujui tumemzuia nani.

Abu Said al-Khudri amepokea kwamba wanawake walimwendea Mtume (S.A.W.) wakamwambia wanaume wamewashinda kwake, basi awawekee siku yao. Hakuwajibu kwamba wao wana kazi za nyumbani. Akawawekea siku, akawaendea, akawafundisha. Katika chuo chetu tuliona wasichana wanapungua kila baada ya alasiri, na kila tulipouliza jibu lilikuwa moja, jikoni. Tukalihamisha darasa lao, likawa asubuhi ya Jumamosi na ya Jumapili, na waliorudi ni wengi. Lakini iko njia nyingine iliyo nyepesi kuliko kubadilisha ratiba za vyuo vyote vya mwambao, nayo ni kwamba jioni ya leo, baba unayetusikiliza, umwambie mwanao aondoke barazani akakune ile nazi, na dada yake achukue juzuu yake aende chuo.

Ewe Mola wetu, tupe katika wake zetu na waume zetu na watoto wetu yanayotuliza macho yetu. Uwaponye wagonjwa wetu, uwarehemu wazee wetu waliotulea kwa kadiri walivyojua, na uwafungulie watoto wetu wa kiume na wa kike milango ya elimu yenye manufaa. Amin.